Kurumbiza wa Bi Zuhura

Walisema sitaweza. Ami Nassoro, ndugu wa baba yangu, alilisema barazani kwake Miburani mbele ya wanywaji kahawa, na mimi nimesimama pale pale na begi begani, viatu vyangu vya chuo bado vina vumbi la bara. "Tumempeleka kijana kusoma," alisema, "karudi na stashahada ya ndege. Sasa kuku wangu nao atawapa cheti gani?" Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mmoja akasema sitafika Ramadhani, nitarudi bara kutafuta kazi ya kulinda geti. Mwingine akasema kitu chochote nitakachoazima kwa mtu hakitarudi, maana wasomi wanafundishwa kuomba na hawafundishwi kurudisha. Ami Nassoro akamalizia, "Mwazimeni tu, lakini kiageni kabisa kitu chenu."

Nayaandika haya nikiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, Miburani hiyo hiyo, nyumba ya matofali yenye vigae sakafuni na tangi la maji juu, na ile stashahada iko ukutani ndani ya fremu, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione kabla hajaketi. Wapo wanaosema najisifu. Najisifu, kwa kuwa nilipohitaji kusifiwa hakutokea mtu. Lakini mwaka ninaotaka kuueleza hauna vigae. Ni ule mwaka wa kwanza baada ya kurudi, nilipokuwa sina hata baiskeli, na siku hizi unanijia kila nikikaa peke yangu, kwa sababu mbili. Mwezi uliopita tulimzika Bi Zuhura kule Kanga. Halafu, kabla hata matanga hayajanitoka mwilini, msichana mmoja wa ofisi ya mambo ya ndege alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. "Shikamoo mzee." Nikaitika marahaba. "Tunapitia upya orodha ya ndege walio hatarini. Kwa kurumbiza wa mawe, shahidi tuliyenaye ni wewe tu. Swali letu fupi: bado yupo? Tumwache kwenye 'hatarini kabisa', au tumhamishie kwa waliotoweka?" Nilimwambia anipe muda. Akasema hamna shida mzee, kwa sauti ya kumpa muda mtu anayetafuta miwani yake.

Kurumbiza wa kawaida kila mtu wa Mafia anamjua. Wa mawe alikuwa mwingine. Alikuwa mdogo kidogo, mgongo wa rangi ya jani kavu, kifua cha rangi ya embe linaloanza kuiva, na aliishi mahali pamoja tu, kwenye kichaka kinene kilichoota juu ya mawe ya matumbawe nyuma ya mashamba ya Kanga. Sifa yake ilikuwa koo. Aliiga mlango wa jirani unaolia bawaba, aliiga mbuzi, aliiga mtoto anayedeka, na akishaiga kitu alikitia ndani ya wimbo wake mwenyewe mpaka huwezi kusema kipi ni chake. Ndiyo maana watu walimpenda, na kupendwa huko ndiko kulikommaliza. Kila mwenye baraza nzuri, Kanga mpaka Kilindoni, alitaka mmoja wa kuning'iniza tunduni. Aliyewakamata ni mtu mmoja, Mzee Mbaraka wa Kanga. Alichemsha utomvu wa mkuyu na mafuta ya nazi mpaka ukawa ulimbo, akaupaka kwenye vijiti, akavipanga kuzunguka tundu la dume lake mwenyewe, ndege aliyemwita Shaibu. Kisha alipiga mluzi. Shaibu akisikia mluzi wa bwana wake alijibu, wa msituni wakamsikia Shaibu, wakaja kumfukuza au kumtazama, na walipotua, vijiti viliwashika miguu. Kazi hiyo aliifanya tangu ujana wake mpaka ikafika siku akapiga mluzi na hakuja ndege.

Niliporudi na stashahada yangu, Mzee Mbaraka alikuwa ndiyo kwanza amezikwa, na kichaka kilikuwa kimya. Mfanyabiashara mmoja wa chokaa alikuwa amekiomba chote, mawe ayachome na miti iwe kuni za kuyachomea, na nusu ya kijiji walikuwa radhi kwa sababu ya vibarua. Nilikwenda Kilindoni kwa afisa wa wilaya nikiwa na shati limepigwa pasi. Alinisikiliza vizuri. Akaniambia bila kuzunguka: akipatikana humo ndege asiyepatikana kwingine, na mtaalamu kutoka bara akamthibitisha, kichaka kitatengwa. Asipopatikana, tanuri litawashwa mvua zikikatika. Mtaalamu atakuja mara moja tu. Nikatoka pale nikiwa na kazi bila mshahara, na nikaanza kuazima. Baiskeli niliazima kwa Ami Nassoro mwenyewe, kusudi, mbele ya wale wale waliocheka. Redio ya kaseti yenye kinasa sauti niliazima kwa Mwalimu Faki wa Kilindoni, mtu mpole aliyeifunga kwa taulo kama mtoto mchanga kabla ya kunikabidhi. Nikahamia banda la shamba karibu na kichaka, nikawa naamka kabla ya jua na kukaa juu ya mawe yale makali mpaka suruali ikachanika. Nilisikia njiwa, nilisikia kunguru, nilisikia watu wa chokaa wakipima kwa kamba. Kurumbiza wa mawe sikumsikia.

Ndipo nikaambiwa kwamba Shaibu yu hai, yumo chumbani kwa mjane wa Mbaraka, na mjane yumo edani.

Ile nyumba naiona sasa hivi kuliko ninavyoiona hii niliyomo. Ukumbi mrefu wa sakafu ya udongo uliosuguliwa ukang'aa, mkeka mmoja, harufu ya udi iliyolala kwenye kuta, na mwisho wa ukumbi pazia jekundu lililofifia, ambalo nyuma yake Bi Zuhura alikaa miezi yake ya eda bila kuonekana na mwanamume asiye maharimu wake. Mlinzi wa ukumbi alikuwa Bi Mashavu, dada wa marehemu, mwanamke mnene mwenye ulimi uliowahi kumtoa diwani kwenye harusi. Alinikalisha mkekani, akaniwekea mkate wa kumimina na chai ya mchaichai, akajikalisha katikati yangu na pazia.

"Mimi ndiye mdomo," akasema. "Sema kwangu, nami nitasema kwake."

"Mwambie Bi Zuhura nampa pole."

"Anakupa pole," Bi Mashavu akaliambia pazia.

"Nimeshapoa," sauti ikajibu.

"Anasema ameshapoa."

"Nimesikia, Bi Mashavu."

"Umesikiaje? Na mimi nimekaa hapa kwa kazi gani?"

Nilikuwa nacheka, mkate umo mdomoni, mluzi ulipotoka nyuma ya pazia. Ulikuwa mluzi wa mwanamume mtu mzima, wa kupanda na kushuka, na mwisho wake kikohozi kidogo cha kusafisha koo. Niliruka. Nilidhani nimeingia nyumba ya eda na humo ndani kuna mwanamume. Bi Mashavu alikuwa ameshika birika hewani na hakumimina.

"Ni ndege," akasema polepole. "Hivyo ndivyo ndugu yangu alivyokuwa akifanya akifika mlangoni, afunguliwe. Kwake hakupiga hodi hata siku moja. Mluzi, na kikohozi, na wifi yangu anakwenda kufungua. Sasa kila alfajiri mlango unaitwa na mtu yuko kaburini. Nimemwambia, mpe mtu ndege huyo, eda ni ya kukaa na Mungu wako, si ya kukaa na mluzi. Hataki."

"Sitaki," pazia likasema.

Nikaeleza nililojia. Nilieleza kwa maneno mengi ya chuoni, mpaka Bi Mashavu akaacha kuyapeleka na kusema haya yaende yenyewe. Nilipokwisha, Bi Zuhura akazungumza nami moja kwa moja, sauti ya mtu aliyesogea karibu na kitambaa. "Mwanangu, Mbaraka alipokuwa kitandani alikuwa na neno moja tu. 'Zuhura, nimewamaliza. Nitamwambia nini Mola wangu?' Mimi nikimwambia hujawamaliza, kichaka ni kikubwa, lala. Lakini nilisema ili alale. Sijui. Wewe umesoma. Mchukue Shaibu, nenda kaniitie wenzake. Kama amebaki hata mmoja, nataka kujua kabla sijatoka humu."

"Zuhura!" Bi Mashavu akasema.

"Lakini ni amana. Unirudishie yeye mwenyewe, si mwingine wa kufanana naye. Huyo ukimpoteza utakuwa umenizikia mume mara ya pili."

Nikasema, "Wallahi nitamrudisha, na kabla eda haijakwisha."

"Stashahada imeapa," Bi Mashavu akasema, akanimiminia chai. "Sasa tuone."

Shaibu alifika msituni akawa bubu. Nilimweka juu ya jiwe, nilimweka chini ya mti, nilimpigia mluzi mpaka midomo ikakauka. Alinitazama kwa jicho moja, akala wadudu wangu, akalala. Na habari zilikuja kutoka Kilindoni kwamba mtaalamu ameshakata tiketi ya ndege na wiki ile atafika. Nikarudi kwenye ukumbi ule, nikakaa kwenye mkeka ule, safari hii nikapewa mihogo ya nazi ambayo haikupita kooni.

"Unamfunika na nini?" Bi Zuhura akauliza.

"Na gunia."

"Gunia! Maskini, kafunikwa kama mkaa." Nikasikia akifukua kitu, kisha kitambaa kikapita chini ya pazia: msuli wa buluu wa mistari, uliochakaa ncha. "Mbaraka alimfunika na huu. Akiufunua ndipo anajua kazi imeanza."

Bi Mashavu aliushika msuli. "Nguo za marehemu tulizigawa zote. Nilizigawa mimi kwa mkono wangu. Huu ulipita wapi?"

"Chini ya mto wangu."

Nimemjua Bi Mashavu tangu hapo mpaka leo, na hiyo ndiyo mara moja niliyomwona amekosa la kusema. Aliukunja ule msuli mara mbili, akanipa kwa mikono yote miwili, akaenda kukaa uani.

Alfajiri iliyofuata niliufunua. Shaibu akajikung'uta, akasimama wima, akapiga mluzi wa bwana wake. Kikohozi kikafuata. Umande ulikuwa unadondoka kutoka jani hadi jani. Kisha, nyuma yangu, kutoka ndani kabisa kwenye giza la kichaka, mluzi ule ule ukajibu, wa kupanda na kushuka, na baada yake mtu akasafisha koo. Niligeuka kuitazama njia. "Nani hapo?" nikasema. Hakuna mtu. Ukapigwa tena, karibu zaidi. Nimesoma, nina cheti, na nakwambieni nilisoma Ayatul Kursi mpaka mwisho nikaianza tena, nywele za mikono zimenisimama. Niliona jani moja likitikisika. Akashuka. Mgongo wa jani kavu, kifua cha embe. Akatua juu ya tundu la Shaibu, akainamisha kichwa, akafungua mdomo, na Mzee Mbaraka aliyekuwa kaburini akapiga mluzi wa kutaka kufunguliwa. Nilikuja kuelewa baadaye. Huyu alikuwa amemsikiliza mwindaji wake miaka yote bila kushikwa. Wenzake wote walikwisha, na wimbo uliokuwa ukisikika kuliko yote katika kichaka kile ulikuwa wa mtu anayewakamata. Akajifunza huo.

Mtaalamu tulimwita Dokta, mtu mwembamba aliyevaa kofia yenye kamba kidevuni. Nilimwekea ile kaseti niliyonasia mluzi wa kichakani, pale pale Kilindoni, na Ami Nassoro alikuwa amekuja kutazama nikiaibika. Dokta alisikiliza macho yamefumbwa. Akayafumbua. "Kijana, huyu ni mtu anapiga mluzi. Tena ana mafua." Ami Nassoro alipiga paja lake kwa kicheko, kicheko hicho kilifika Miburani kabla yangu. Sikubishana. Nilisema, "Dokta, umesafiri kutoka bara kwa ndege wa chuma, tembea kidogo kwa ajili ya ndege wa manyoya." Alfajiri nilimlaza kifudifudi juu ya mawe yale, nikafunua msuli. Yule wa porini alipotua juu ya tundu, Dokta alivua kofia yake kama mtu anavyovua viatu mlangoni mwa msikiti. Tukabaki pale mpaka jua likapanda. Tulimtazama yule ndege akiruka chini, akiokota mdudu, akirudi kumpitishia Shaibu katikati ya fito. Alifanya hivyo tena na tena. Shaibu alipokea.

Mchana ule Bi Mashavu alitupikia wali na pweza wa nazi, akamwekea Dokta kipande kikubwa kuliko changu. Njiani nilikuwa nimemwomba Dokta asiseme habari ya mluzi ndani ya nyumba ile. Niliona ni jambo la kumfikia mjane kwa mdomo wangu, na kwa wakati wake. Basi alisema tu kwamba yupo, tumemwona, ni mzima. Nyuma ya pazia nikasikia mtu akisema Alhamdulillah kwa sauti ndogo, kisha akirudia, kisha akilia kwa namna ya kukiziba kilio kwa nguo. Dokta, ili kuujaza ukumbi maneno, akamweleza Bi Mashavu kazi yake. Orodha ina ngazi, akasema. Wapo ndege walio salama, wapo wanaokaribia hatari, wapo walio hatarini, na juu yao wapo walio hatarini kabisa kutoweka. Kurumbiza wa mawe atakaa hapo. Baada ya hapo hakuna ngazi nyingine, kuna kutoweka.

"Na anayemweka hapo ni nani?" Bi Mashavu akauliza.

"Mimi, nikifika ofisini."

"Basi usifike, baba. Kaa hapa, ule pweza."

Alicheka sana Dokta. Lakini tulipotoka aliniongoza mpaka chini ya mnazi, akaacha kucheka. "Shaibu ni dume," alisema. "Yule wa nje, kwa alivyomlisha, naamini ni jike. Sidhani kama kuna mwingine. Kichaka nitakiombea, na kitatengwa, hilo niachie. Lakini kichaka bila ndege ni miti. Fungua tundu."

"Si wangu."

"Mwambie yule mama kwamba ndege amekufa. Mwambie ametoroka. Nani atajua?"

"Mimi."

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekosa hesabu rahisi. "Unajua unachokikataa?"

"Najua," nikasema. "Nina stashahada."

"Basi kamwombe."

Sikumwomba. Nimejieleza mara nyingi kwa nini, na kila mara maelezo yanasimama. Mwanamke yumo edani, amelilia roho ya mumewe mbele yangu. Ningemwomba ndege yule angetoa. Angetoa chochote siku ile, angetoa na mkono wake. Kwa kuwa nilijua atatoa, niliona kumwomba ni kumpokonya tu kwa adabu. Nilikuwa nimeapa kumrudisha. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kunikabidhi kitu ambacho hakina cha pili, na kisiwa kizima kilikuwa kinangoja nisirudishe.

Mwezi uliopita, tulipotoka makaburini, nilikaa na Bi Mashavu kwenye ule ule ukumbi. Sasa sakafu ni ya saruji, pazia halipo, yeye mwenyewe amekonda na haoni vizuri, lakini ulimi uko salama. Tulikula wali wa matanga kwenye sinia moja na wanawe. Akaniuliza kama bado nina nyumba yenye vigae, nikasema ninayo. Akaniuliza kama vigae vinaimba. Kisha, akichambua mwiba wa samaki kwa vidole, akasema, "Wifi yangu alikuwa anakungoja, unajua. Ile siku. Alikuwa amekwisha kuamua. Aliniambia, akiniomba nitampa. Ila yeye mwenyewe hakuweza kuanza kusema, maana lingekuwa kama anamfukuza Mbaraka nyumbani." Nikamwambia niliahidi kumrudisha. "Ulirudisha," akasema. "Nani amesema hukurudisha? Kula." Shaibu alikufa tunduni kabla ya masika yaliyofuata. Kichaka kipo. Kina kibao, kina mipaka, na tanuri la chokaa halikuwashwa, na hiyo ni kazi yangu, asitokee mtu akasema ni ya mwingine. Yule wa porini alisikika misimu michache, akiita alfajiri, watu wa mashambani wakipita mbali kwa kuogopa mluzi wa marehemu. Baadaye hakusikika. Lakini mimi bado nakwenda, nakaa juu ya mawe na suruali ya mzee, na kuna asubuhi ambapo siwezi kuapa kwamba sikusikia kitu. Yule msichana wa Dar es Salaam anangoja. Sijampigia. Nikisema yupo, sina wa kumwonyesha. Nikisema hayupo, nitakuwa nimeyasema yale yale ya Mbaraka kitandani, na safari hii hakuna wa kuniambia lala.

Siku ya kurudisha niliianza na baiskeli. Nilifunga tundu la Shaibu kwenye keria, limefunikwa msuli, nikaendesha kutoka Kanga mpaka Miburani nikipita katikati ya kila kijiji badala ya pembeni, watu waone. Ami Nassoro alikuwa barazani na kahawa yake. Baiskeli nilikuwa nimeiosha, nimeipaka grisi, nimetia breki mpya. Akaizunguka akitafuta kasoro. Akapiga kengele.

"Kengele hii ilikuwa hailii," akasema.

"Sasa inalia, Ami."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alisogea kwenye benchi ili nikae, nikasema nina haraka, nina vitu vya watu. Kwa Mwalimu Faki nilirudisha redio ndani ya taulo lake lile lile, limefuliwa, betri mpya ndani yake. Aliifungua, akaitazama, akanipa mkono. Kisha nikasimama njiani na tundu mkononi, nikapata lori la nazi linalorudi Kanga, nikakaa juu ya magunia nimelikumbatia tundu lisitikisike. Sijawahi kuwa tajiri kama nilivyokuwa juu ya lori lile, na mfukoni hamna kitu.

Jua lilikuwa limeinama nilipofika. Kesho yake Bi Zuhura angetoka edani. Uani walikuwa wanapepeta mchele na kuchemsha maji ya kumwogesha. Bi Mashavu alilipokea tundu, akaliinua, akamhesabu Shaibu kucha kama mtu anayenunua kuku, akalisukuma chini ya pazia. Mkono wenye nguo nyeupe ukalivuta ndani.

"Ni yeye," sauti ikasema. "Mwanangu, kuna jambo hamkuniambia. Yule wa msituni, alimjibu Shaibu kwa sauti gani?"

Bi Mashavu alinitazama. Sikuwa na maneno ya jambo lile, si ya chuoni wala ya nyumbani. Nikalowesha midomo, nikapiga mluzi, wa kupanda na kushuka, na mwisho wake nikasafisha koo.

Nyuma ya pazia nikasikia miguu mitupu. Ilikuja haraka, haraka ya mtu anayekwenda kumfungulia mwenye nyumba mlango, ikafika kwenye kitambaa, na kitambaa kikatikisika juu mpaka chini. Hapo ikasimama. Nilimsikia akipumua. Nilingoja, naye alingoja, na sasa najua alichokuwa anakingoja. Kisha akasema, "Umerudisha. Huna deni kwangu."

Nikaaga. Sikuwa na baiskeli tena, basi nilikata kwa miguu kupitia ile njia ya kando ya kichaka kwenda barabarani. Nilikuwa nimemlipa kila mtu. Mikono yangu ilikuwa mitupu, nikiitupa mbele na nyuma kama mtoto aliyetoka shule, nikipanga jinsi nitakavyolisimulia hili barazani kwa Ami. Nilikuwa nimefika kwenye lile jiwe langu ulipotoka ndani ya miti. Nikasimama. Ukanyamaza, ukasikiliza, ukasogea karibu, ukapigwa tena: mluzi wa mtu aliyefika kwake, amesimama nje, anangoja kufunguliwa.